Tarehe Iliyoganda: Kuhusu Msamaha kwa Wasio na Makaratasi Marekani

Ndugu zangu, wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie habari ya msamaha. Najua wengi wenu mmekuja na swali moja tu: upo au haupo? Nitalijibu mwanzo kabisa ili mtu asikae roho juu. Haupo. Hakuna sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani ya kuwahalalisha wote wasio na makaratasi. Mtu akikupigia simu akakuambia kuna fomu mpya, tuma pesa leo upate nafasi ya mbele, huyo ni mwizi. Katika miaka ninayosaidia watu kujaza fomu na kuwatafsiria kwa mawakili, nimeona familia ikipoteza akiba ya mwaka mzima kwa maneno hayo hayo. Mbaya zaidi, nimeona watu wakijaziwa maombi wasiyostahili, na majibu yake yakawa barua ya kuitwa mbele ya jaji wa uhamiaji. Naomba hilo mlibebe hadi nyumbani, na mumfikishie na ambaye hakuja.

Mimi nina swali langu, na ndilo lililonileta hapa: kwa nini haupo, wakati umewahi kuwepo?

Kuna dada mmoja alikuja kwangu na boksi la viatu. Simtaji jina, na aliye humu anayemfahamu asimtaje. Alifungua lile boksi mezani, tukaanza kupanga kilichokuwemo mwaka baada ya mwaka. Risiti za kodi ya nyumba zilizoandikwa kwa mkono. Karatasi za mshahara zilizofifia hadi ukizisoma lazima uziinamishe kwenye taa. Bili za umeme. Kadi za chanjo za watoto. Bahasha tupu, hazina kitu ndani, lakini zina mhuri wa posta wenye tarehe. Karatasi ya zamani kuliko zote ilikuwa ya 2003. Aliingia kwa viza ya mwanafunzi, ada ikamshinda, viza ikaisha, akabaki. Nikamuuliza, dada, kwa nini umetunza hata bahasha? Akaniambia, "Kaka, siku wakiniuliza nilikuwa wapi, nataka niwe na jibu."

Hilo wazo hakulitoa hewani. Alifundishwa na mama mmoja wa Kimeksiko waliyekuwa wakisafisha naye vyumba vya hoteli. Yule mama alipata makaratasi yake kwa sheria ya 1986, na aliyapata kwa sababu alikuwa na boksi kama lile.

Tuizungumze hiyo 1986, maana ndiyo kila upande unaishika mkononi ukibishana. Tarehe 6 Novemba 1986, Rais Ronald Reagan, wa chama cha Republican, alitia saini sheria iliyofikishwa bungeni na Seneta Alan Simpson wa Wyoming na mbunge Romano Mazzoli wa Kentucky. Miaka miwili kabla, kwenye mdahalo wa urais na Walter Mondale, Reagan alikuwa amesema hadharani kwamba anaamini katika msamaha kwa watu waliokwisha kuota mizizi nchini, hata kama zamani waliingia kinyume cha sheria. Neno lenyewe alilitamka, wala hakulizunguka.

Sheria ilisema hivi: uliyekuwepo nchini kabla ya tarehe 1 Januari 1982 na ukaendelea kukaa, njoo. Uliyefanya kazi mashambani siku 90 katika mwaka ulioishia 1 Mei 1986, njoo. Dirisha la maombi kwa kundi lile la kwanza lilifunguliwa Mei 1987 na kufungwa Mei 1988, na ada ilikuwa dola 185 kwa mtu mzima. Ulipewa kwanza ukaazi wa muda, kisha ukaonyesha kuwa unajifunza Kiingereza na historia ya nchi, ndipo ukapata kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu. Misaada mingi ya serikali kuu ulikatazwa kwa miaka 5. Watu wapatao milioni 2.7 walihalalishwa.

Sasa angalieni tarehe. Sheria inasainiwa mwisho wa 1986, maombi yanaanza 1987, lakini mlango umewekwa Januari 1982. Aliyeingia 1983 alikuwa nje tangu siku ya kwanza, na alikuwa tayari ameshaishi nchini miaka minne. Mume alipata, mke aliyemfuata mwaka mmoja baadaye hakupata. Watoto wakabaki katikati. Ilibidi serikali ya Reagan yenyewe, na baadaye ya George Bush mkubwa, zitafute njia ya kuwazuia maofisa wasiwafukuze wake na watoto wa watu ambao nchi hiyo hiyo imetoka kuwahalalisha. Bunge likaja kuliweka sawa 1990. Wengine walirudishwa dirishani kwa sababu walitoka nchini siku chache, pengine kumzika mzazi, na karani akahesabu kuwa ukaazi wao umekatika. Fomu zao hazikupokelewa kabisa. Kesi zao zilifika Mahakama ya Juu 1993 na hazikumalizika hadi mapatano ya 2004. Miaka kumi na sita baada ya dirisha kufungwa, watu bado wanadai haki ya kupokelewa fomu!

Wanaopinga msamaha wanasema: tulijaribu, tukashindwa. Na mimi nasema tusiwabeze, kwa sababu wana hoja. Edwin Meese, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa Reagan, aliandika miaka ishirini baadaye kwamba ule ulikuwa msamaha na haufai kurudiwa. Seneta Chuck Grassley wa Iowa aliipigia kura 1986, na baadaye akakiri kwamba walikosea. Takwimu nazo zipo. Kufikia 1990, makadirio yalionyesha watu kama milioni 3.5 wasio na vibali; kufikia 2007 walikuwa zaidi ya milioni 12. Ukimwonyesha mtu namba hizo ukamwambia turudie, lazima akuulize: turudie nini?

Jibu langu ni kwamba msamaha haukuwa peke yake. Sheria ile ilikuwa na miguu miwili, na wa pili ulikatika. Waajiri walitakiwa waache kuajiri wasio na vibali. Lakini mwajiri alichotakiwa kufanya ni kuangalia hati kama zinaonekana za kweli na kujaza fomu, ile I-9 ambayo kila mmoja wenu ameijaza siku ya kwanza kazini. Hakutakiwa kuthibitisha. Kilichofuata ni biashara ya hati za kughushi katika kila mji. Na mlango wa halali wa kuingilia mtu wa kazi za mikono haukupanuliwa. Kuku wanahitaji kuchinjwa, matofaa yanahitaji kuchumwa, wazee wanahitaji kuogeshwa, na viza za kudumu kwa wafanyakazi wasio na ujuzi maalumu, kwa dunia nzima, hazizidi 10,000 kwa mwaka. Mnaposikia mtu anasema "wapange foleni kama wengine", mkumbuke namba hiyo. Kwa mtu asiye na ndugu raia wala shahada, foleni ya kupanga haipo.

Halafu ikaja 1996. Hili nalikazia kwa sababu wengi wetu tunalijua kwa maumivu bila kujua lilitoka wapi. Rais Bill Clinton, wa chama cha Democratic, alisaini sheria inayosema: aliyekaa bila kibali zaidi ya siku 180 kisha akatoka, asirudi kwa miaka 3, aliyekaa mwaka mmoja au zaidi, asirudi kwa miaka 10. Ilikusudiwa kuwatisha watu wasipitilize muda. Badala yake iliwafungia ndani. Zamani mtu alikuwa akija kuvuna, anarudi kwao, msimu ukifika anakuja tena. Mpaka ulipozidi kulindwa na adhabu hizi zikawekwa, ukitoka umetoka. Basi akabaki, akaita mke, watoto wakazaliwa. Mimi nimemwona mtu anamzika baba yake kwa simu ya video, amesimama jikoni kwenye nyumba ya kupanga, simu ameiegemeza kwenye birika, na kule waombolezaji wanageuza simu ili aone kaburi. Alikuwa na mke raia. Lakini kwa kuwa aliingia bila kupita kwa ofisa wa uhamiaji, kuyapata makaratasi yake kulimlazimu atoke nje kwa usaili wa ubalozi, na akitoka, miaka 10 inaanza kuhesabiwa, isipokuwa apate ruhusa maalumu. Yule dada wa boksi, kwa kuwa aliingia kwa viza, ana afadhali kidogo: anamsubiri mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa hapa, afikishe miaka 21 amwombee makaratasi. Mtoto ana miaka 14.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Msamaha. Washington hili neno limekuwa rungu. Mwaka 2007, muswada uliokuwa ukiungwa mkono na Rais George W. Bush ulikufa Seneti kwa kuitwa msamaha. Mwaka 2013, maseneta wanane, wanne wa kila chama, waliandika muswada mwingine. Ulitaka mtu alipe faini, alipe kodi anazodaiwa, apimwe rekodi ya uhalifu, asubiri kama miaka 13 hadi uraia. Ulipita Seneti kwa kura 68 dhidi ya 32. Ukapelekwa Baraza la Wawakilishi, na Spika John Boehner hakuufikisha kwenye kura. Nao uliitwa msamaha.

Mimi Kiswahili changu kinanifundisha vingine. Mtu akinikosea nikamwambia nimekusamehe, sirudi kesho kumdai faini. Aliyetozwa faini ameadhibiwa. Aliyesubirishwa miaka 13 ameadhibiwa. Na kosa lenyewe ni lipi? Kuvuka mpaka kwa kificho ni kosa dogo la jinai, hilo ni kweli. Lakini kukaa tu nchini baada ya viza kuisha si jinai. Ni jambo la madai, na Mahakama ya Juu ililisema 2012 katika kesi ya jimbo la Arizona kwamba, kwa kawaida, kuwepo nchini kwa mtu anayestahili kuondolewa si kosa la jinai. Simaanishi kwamba si kitu. Kuna sheria na imekiukwa. Nasema tu adhabu ilingane na kosa, na adhabu ya kumng'oa mtu kwenye miaka ishirini ya maisha yake hailingani.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu jambo hili halizungumzwi. Marekani imekuwa na njia nyingine tangu 1929, na haijawahi kuitwa msamaha. Mwaka ule Bunge liliona kuna watu wengi waliokwisha kuishi nchini miaka na miaka lakini hawana kumbukumbu ya kuingia. Wengi walionufaika miaka iliyofuata walikuwa Wazungu wa Ulaya na watu wa Kanada. Sheria ikasema: uliyeingia kabla ya tarehe 3 Juni 1921, ukawa na mwenendo mwema, uandikishwe kama mkaazi halali. Ukalipa ada yako, mambo yakaisha.

Na kila baada ya miaka kadhaa tarehe ilisogezwa. 1939 ikasogezwa hadi 1924. 1958 ikasogezwa hadi 1940. 1965 ikasogezwa hadi 1948. Mwaka 1986, ndani ya sheria ile ile ya Reagan, ikasogezwa hadi tarehe 1 Januari 1972. Hapo ikaganda. Haijaguswa tangu siku hiyo. Kifungu bado kipo kwenye vitabu vya sheria, namba 249 ya sheria ya uhamiaji, kinafanya kazi, fomu zake zipo. Leo mtu aliyeingia Februari 1972 akiwa kijana wa miaka ishirini ni babu wa zaidi ya miaka sabini, na kwa kifungu hicho amechelewa.

Nataka mlione hili kwa macho yenu, kwa sababu linabadilisha ubishi wote. Wazee wa Bunge la 1929 na waliowafuata walikubali jambo moja la kawaida kabisa: kwamba kuna siku serikali iliyoshindwa kumwondoa mtu inapaswa kukubali kwamba mtu huyo ni wa hapa. Hawakuona kwamba wanabomoa sheria. Madai mengi ya pesa na hata makosa mengi ya jinai katika nchi hii yana ukomo wa muda wa kushtakiwa. Kwa nini mama aliyepitiliza viza awe hana ukomo?

Mwaka 2022 mbunge Zoe Lofgren na Seneta Alex Padilla, wote wa California, walipeleka miswada ya kuisogeza tarehe hii, na kuifanya isogee yenyewe: ukishaishi miaka 7 mfululizo na huna rekodi mbaya, unaomba. Walirudi nayo 2023. Haikupita. Lakini kwangu mimi huo ndio muswada wa kupigania, kuliko msamaha mmoja mkubwa wa mara moja, kwa sababu kosa la 1986 halikuwa ukarimu. Kosa lilikuwa kupanga tarehe moja na kuiacha igande, ili kizazi kinachofuata kijikusanye tena gizani. DACA ya Rais Obama, Juni 2012, ule mpango wa kuwakinga na kufukuzwa vijana walioletwa nchini wakiwa watoto, ilirudia kosa hilo: ni lazima uwe ulikuwepo nchini tangu tarehe 15 Juni 2007. Vijana kama laki nane waliwahi kuipata na wakasimama. Lakini wengi wa wanaomaliza sekondari siku hizi ama walizaliwa baada ya tarehe hiyo ama walikuwa wachanga wa mgongoni.

Kuna mtu atauliza, na yule anayesubiri kwao kihalali? Ana haki ya kukasirika. Wapo Wafilipino na Wameksiko walioombewa na kaka au dada raia ambao wamesubiri zaidi ya miaka ishirini. Huyo asiambiwe maneno matupu. Ila ajue kwamba kifungu hiki hakichukui viza yake, kwa sababu hakihesabiwi ndani ya mgawo wa mwaka. Foleni yake ni ndefu kwa sababu Bunge limeifanya ndefu, na nalo hilo lirekebishwe.

Sasa naomba niseme na sisi wenyewe tulio na makaratasi, na hapa sitazunguka. Mimi niliingia kwa bahati nasibu ya kadi ya kijani. Nilijaza fomu pamoja na rafiki yangu, siku moja, kwenye kompyuta moja. Mimi nikatoka, yeye hakutoka. Sikumzidi bidii wala uadilifu. Ndiyo maana naumia nikikaa kwenye harusi zetu nikasikia mtu anasema, "Walijitakia. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole." Mimi humjibu kwa methali nyingine: mchuma janga hula na wa kwao. Makosa ya mama, yakiitwa makosa, leo yanaliwa na mtoto wa miaka 14 ambaye ni raia kama seneta yeyote, anayelala na namba ya simu ya shangazi imeandikwa ndani ya jalada la daftari, ili siku mama asiporudi kutoka kazini ajue amwite nani. Hilo daftari nimelishika mkononi.

Na msikubali kuambiwa kwamba hawa wanakula bila kutoa. Taasisi moja inayochunguza kodi, Institute on Taxation and Economic Policy, ilikadiria kwamba mwaka 2022 wasio na vibali walilipa kodi za dola bilioni 96.7. Wengi wanakatwa makato ya pensheni ambayo hawataruhusiwa kuyachukua. Kwenye boksi la dada yule kulikuwa na fomu za kodi za kila mwaka, alizolipia kwa namba ya mlipakodi inayotolewa kwa asiye na namba ya hifadhi ya jamii. Serikali inayosema haimtambui imekuwa ikipokea pesa yake na kumtumia risiti.

Kwa hiyo nawaomba hivi. Nyinyi mliokwisha kuapishwa uraia, mna wabunge. Wapigieni ofisi zao. Msiulize kama wanaunga mkono msamaha, kwa sababu neno hilo litawapa pa kukimbilia. Ulizeni tarehe. Ulizeni: kifungu cha 249 kimegandia 1972, je, utapiga kura kisogezwe? Andikeni jibu mlilopewa na siku mliyolipewa, mtuletee. Tumeanza orodha na inakua.

Na nyinyi msio na makaratasi, sihitaji kuwajua na sitaki mnyooshe mkono. Tunzeni karatasi zenu. Zipigeni picha, nakala moja ikae kwa mtu mnayemwamini. Risiti ya kodi mwombeni mwenye nyumba aiandikie tarehe. Wakili aliyekuja nasi amekaa kwenye chumba kidogo upande wa kulia, mlango unafungwa, halipwi kitu leo, na atakuwepo hadi saa mbili usiku. Ingieni mmoja mmoja. Njooni hata na zile zilizofifia. Taa ya mle ndani ni kali, nimeijaribu mwenyewe kabla hamjafika.

Asanteni sana.